RAM ya kompyuta ya mezani: isome mashine yako kwanza ndo uende dukani

Ukizunguka maduka ya kompyuta pale Kariakoo, au ukipita Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta mashine ni zilezile tu, Dell OptiPlex, HP Compaq, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, nyingi zimeshatumika maofisini Uingereza na kwingineko ndo zikaletwa huku, na nyingi zinauzwa zikiwa na RAM (memori ya kufanyia kazi) ya 4GB. Mtu ananunua anaipeleka kwenye steshenari yake, mwezi haujaisha mashine imeanza kusuasua, Word inafunguka kwa kujivuta, Chrome inaganda, mteja kasimama na flashi yake mkononi anasubiri, na kila anayeulizwa anajibu "ongeza RAM". Jibu lenyewe mara nyingi ni sahihi. Shida inaanza pale mtu anapoingia dukani na swali moja tu, "mna RAM ya 8GB?", wakati hilo ni swali la mwisho kati ya maswali kadhaa, na hayo mengine muuzaji hawezi kukujibia kwa sababu majibu yake yako ndani ya mashine uliyoiacha nyumbani.

Kwa hiyo kabla ya kuongelea GB naomba hili likae kichwani: mashine ndo inachagua RAM, sio wewe na sio duka. Aina, umbo, umeme inaotumia, kiasi ambacho kila sloti (sehemu ya kuchomekea RAM) inaweza kubeba, hata spidi itakayofanya kazi, vyote vimeshaamuliwa na prosesa (ile chipu kuu, ubongo wa mashine) na madabodi (ubao mkuu) tangu siku inatoka kiwandani. We kazi yako ni kuisoma tu, na kuisoma sio kazi ngumu kama watu wanavyoifanya ionekane.

Ila tuanze na jambo ambalo wengi wanaliruka, je shida kweli ni RAM? RAM inashika vile vitu vinavyotumika muda huohuo, programu zilizo wazi, kurasa za Chrome, faili unalochapa. Ikijaa, Windows inachukua baadhi ya vitu inavihamishia kwenye diski, kwenye faili linaloitwa pagefile, afu ukivihitaji inavirudisha. Sasa kama diski yako ni ile hard disk ya kuzunguka, huko kuhamisha na kurudisha ndo unakokusikia kama mashine kuganda, taa ya diski inawaka bila kuzima na mausi inasogea kwa kurukaruka. Kujua uko wapi, subiri ile saa yako ya kazi nyingi kabisa, fungua vitu vyote unavyofunguaga siku ya kawaida, afu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, bonyeza Memory. Ukikuta imefika asilimia 85 au 90 na pale penye "Committed" namba ya kwanza imezidi RAM uliyonayo, basi RAM imekuishia kweli. Ukikuta Memory iko asilimia 50 au 60 lakini Disk iko 100 muda wote, hapo usinunue RAM, nunua SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka. Hata ya 240GB ile ya SATA ya inchi 2.5 inabadilisha OptiPlex ya zamani kuliko RAM yoyote utakayoipachika. Na kama pesa inatosha kitu kimoja tu na mashine ina 4GB na hard disk ya kuzunguka, mimi ningeanza na SSD, kwa sababu hata Windows ikilazimika kuhamishia vitu kwenye diski itakuwa inahamishia kwenye diski yenye mbio, afu RAM inafuata mwezi unaokuja.

Usiogope pia ukiona mashine yenye 16GB inatumia 5GB na hujafungua kitu chochote cha maana. Windows ikiona nafasi ipo inaitumia, inapakia mapema vitu unavyovipenda, na programu ikihitaji nafasi hiyo inaachiwa. Mashine ileile ukiirudisha kwenye 4GB itajibana kwenye 2 na ushee.

Kitu kingine cha kuangalia kabla hujatoa hela ni Windows yenyewe ni ya biti ngapi. Nenda Settings, System, About, uone pale kama imeandikwa 64-bit operating system. Ikiwa ni 32-bit basi mwisho wake ni 4GB na kwa matumizi halisi utapata kama 3.2 hadi 3.5, hata ukipachika 16GB, zilizobaki zitakaa tu pale bila kazi. Hii bado ipo sana kwa sababu mafundi wengi wana ile flashi moja ya Windows ya miaka yote wanampigia kila mtu, na mtu anaweza kununua RAM, akaipachika vizuri kabisa, asione tofauti, akaenda kugombana na duka bure.

DDR ipi?

Hapa ndo penye mkanganyiko mkubwa. RAM zina vizazi, DDR2, DDR3 iliyoanza kutoka 2007, DDR4 ya 2014, DDR5 ambayo kwenye kompyuta za kawaida imeanza kuonekana mwishoni mwa 2021. Vizazi haviingiliani hata kidogo. DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288, na DDR5 nayo ina 288 ila ule mkato ulioko kwenye pini umehamishwa sehemu nyingine makusudi ili usiweze kuchomeka ya kizazi kingine. Ukiona haiingii usisukume kwa nguvu, haijakataa kwa bahati mbaya, imekatazwa.

Njia ya haraka ya kujua mashine yako inatumia ipi ni jina la prosesa. Ukiwa na Intel i5-3470, ile 3 ya mwanzo ndo kizazi cha tatu, i5-4590 cha nne, i5-6500 cha sita, i5-10500 cha kumi. Kizazi cha pili na cha tatu ni DDR3. Cha nne ni DDR3, na inakubali pia DDR3L. Kuanzia cha nane hadi cha kumi na moja ni DDR4. Kuanzia cha kumi na mbili hadi cha kumi na nne inaweza ikawa DDR4 au DDR5 kutegemea na madabodi, prosesa inakubali zote mbili ila madabodi imetengenezewa moja. Kwa upande wa AMD, Ryzen za soketi (pale prosesa inapokaa kwenye madabodi) ya AM4 ni DDR4 na za AM5 ni DDR5 basi.

Umeona nimeruka cha sita na cha saba. Nimeviruka kwa sababu ndo vinavyoliza watu. Prosesa za kizazi cha sita zilizotoka 2015 zinakubali DDR4 na pia DDR3L, na watengenezaji wakagawana. Chukua Dell, OptiPlex 3040 na OptiPlex 7040, zinafanana sura, zote unaweza kuzikuta na i5-6500 ileile, lakini 3040 inatumia DDR3L na 7040 inatumia DDR4. Mtu anakwambia "mi nina OptiPlex ya i5 ya kizazi cha sita" na anadhani ameshamaliza kueleza, kumbe bado kabisa. Fundi akimbebea DDR4 kwa kuamini "sixth gen ni DDR4" anarudi nayo.

Na jina la mashine nalo sio la kuliamini kichwakichwa. OptiPlex 7010 tunayoijua wengi ni ile ya 2012, ya prosesa za kizazi cha tatu, inatumia DDR3. Lakini 2023 Dell wakatoa tena mashine wakaiita OptiPlex 7010, hii ni ya prosesa za kizazi cha kumi na tatu na haina uhusiano wowote na DDR3. Ukiandika tu "RAM ya OptiPlex 7010" kwenye simu ukatafuta unaweza ukasoma maelezo ya mashine nyingine kabisa. Njia isiyodanganya ni ile Service Tag, herufi na namba 7 zilizoko kwenye stika nyuma au juu ya kasha, ukiiweka kwenye tovuti ya Dell inakuletea mashine hiyohiyo uliyonayo na vipimo vyake. HP nao wana namba ya bidhaa kwenye stika, inafanya kazi ileile.

Kama hutaki hata kwenda huko, pakua programu ya CPU-Z, ni ya bure, fungua sehemu ya SPD, chagua sloti moja moja, itakwambia kilichochomekwa ni DDR ngapi, GB ngapi, kampuni gani na namba yake ya kiwandani. Kwenye Task Manager palepale penye Memory pia utaona "Slots used", mfano 1 of 4, yaani sloti zipo 4 na iliyotumika ni 1. Hizo taarifa mbili tu zinakutosha kuanza mazungumzo na muuzaji ukiwa unajua unachoongea.

Umbo. Kuna RAM ndefu za kompyuta za mezani na kuna fupi za laptopu zinazoitwa SO-DIMM. Usidhani kila kompyuta ya mezani inatumia ndefu. Zile ndogo zinazokaa nyuma ya skrini, OptiPlex Micro, EliteDesk Mini, ThinkCentre Tiny, zote zinatumia RAM za laptopu. Kwenye Task Manager pale chini inaandikwa Form factor, DIMM au SODIMM, angalia hapo yaishe.

Sasa tuisome ile stika

Fungua kasha, toa RAM iliyopo, uisome. Chukulia imeandikwa hivi: 4GB 1Rx8 PC3-12800U-11-11-A1. Watu wanaiona kama maandishi ya kiwandani yasiyowahusu, kumbe majibu yote yako hapo. 4GB tumeelewana. 1Rx8 inaeleza chipu zimepangwaje, safu moja ya chipu, kila chipu ikitoa biti 8, na ukizihesabu utakuta chipu 8. Ikiwa 2Rx8 ni safu mbili, chipu 16, mara nyingi pande zote mbili. PC3 maana yake DDR3, PC4 ni DDR4. Ukiona PC3L hiyo L inasema umeme mdogo, volti 1.35 badala ya 1.5. 12800 ni kasi kwa megabaiti kwa sekunde, ukigawa kwa 8 unapata 1600, ndo ile wanayoiita DDR3-1600. Vivyo hivyo 10600 ni 1333, na kwenye DDR4 19200 ni 2400, 21300 ni 2666, 25600 ni 3200, ingawa stika nyingi za DDR4 zinaandika moja kwa moja PC4-2400T hivi. Herufi inayofuata namba ndo ya kuitolea macho, na kwenye hizo za PC4-2400T ni ile inayokuja baada ya kistari kinachofuata, sio hiyo T: U ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptopu, E ni ile ya kujirekebisha makosa inayoitwa ECC, R ni ya seva.

Hiyo R imewaliza wengi. RAM za seva zinatolewa kwa wingi makampuni yakibadilisha seva zao, kwa hiyo huwa zinapatikana kwa bei ambayo unajiuliza mbona rahisi hivi. Kwenye DDR3 na DDR4 zinaingia kwenye sloti ya kompyuta yako vizuri kabisa, mkato uko palepale, unabonyeza inakaa, unawasha, hakuna kitu. Mashine za kawaida haziwezi kuzungumza nayo basi. Mbali na ile R, unaweza kuigundua kwa kuhesabu chipu nyeusi kubwa: za ECC na za seva kwa kawaida zina chipu ya ziada, 9 badala ya 8, na ya seva katikati huwa ina kachipu kengine kadogo peke yake. Kama RAM ni ya Samsung ni rahisi zaidi, namba yake ya kiwandani ikianza na M378 ni ya mezani, M471 ni ya laptopu, M391 ni ECC, M393 ni ya seva. Kariri M378 ukiwa na kompyuta ya mezani ya kawaida na utapona mengi. Zile wekisteshini (kompyuta za kazi nzito) za HP au Dell zenye prosesa za Intel Xeon ndo huwa na habari zake tofauti, baadhi zinataka hizohizo za ECC au za seva, kwa hiyo kama unayo usifuate ninachosema hapa, fuata karatasi ya mashine yako.

Kuna nyingine inayouzwa sana mitandaoni kutoka China, DDR3 ya 8GB kwa bei ya chini, na pembeni maandishi madogo yanasema ni kwa AMD tu. Wanamaanisha kweli. Zimeundwa kwa chipu za biti 4 kila moja, prosesa za Intel za kawaida hazizielewi, na muuzaji akiagiza mzigo bila kusoma ile mistari midogo basi na wewe unauziwa mbuzi kwenye gunia. Stika ikiandika x4 badala ya x8 na mashine yako ni Intel, iache.

Kuhusu umeme, hapa kanuni ni ya upande mmoja. PC3L ya volti 1.35 inaweza kufanya kazi kwenye mashine ya DDR3 ya volti 1.5, imeundwa kuvumilia zote mbili. Kinyume chake sio salama, mashine za kizazi cha sita zinazotumia DDR3L, kama ile 3040, zinataka 1.35 tu, usiipachike DDR3 ya 1.5 kwa sababu imeingia kwenye sloti. Kwa hiyo ukikuta dukani kuna PC3 na PC3L kwa bei inayokaribiana chukua PC3L, hata ukibadilisha mashine baadaye itakufuata.

Spidi ndo mahali watu wanapoteza pesa bila sababu. Mtu ana OptiPlex 7040 yenye i5-6500, anauziwa DDR4-3200 kwa kuambiwa ndo yenye mbio. Ile prosesa mwisho wake ni 2133, RAM itashuka hadi hapo na itabaki hapo maisha yote, na mashine hizi za maofisini BIOS yake, ile programu ya kuwashia mashine yenye mipangilio yake, imefungwa, hakuna pa kuipandisha. i7-7700 inaishia 2400, i5-8500 inaishia 2666, i5-3470 inaishia 1600. RAM yenye spidi kubwa kuliko hapo haina madhara, itafanya kazi tu kwa spidi ya chini, ila usiilipie zaidi. Na ukichanganya ya 1333 na ya 1600 zote zinakimbia kwa 1333. Afu ile 11 ya kwanza baada ya U ndo CL, yaani mapigo ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu, watu wanaambiwa DDR4-3200 yenye CL22 ni nzito kuliko DDR3-1600 yenye CL11 kwa sababu 22 ni kubwa kuliko 11. Hizo namba zinahesabu mapigo, sio muda, na mapigo ya 3200 ni mafupi mara mbili. Fanya hesabu, 2000 mara CL gawa kwa spidi: 2000 mara 11 gawa 1600 ni nanosekunde 13.75, na 2000 mara 22 gawa 3200 ni nanosekunde 13.75 hizohizo. Kwa kazi za ofisi hii achana nayo kabisa, wala isikuchukulie muda dukani.

Kitu ambacho kinastahili hayo mawazo ni chaneli. Prosesa hizi zina njia mbili za kwenda kwenye RAM, na zikitumika zote mbili kasi ya kusafirisha data inakuwa mara mbili, DDR3-1600 moja inatoa 12.8GB kwa sekunde, mbili zilizokaa vizuri zinatoa 25.6, ni mabomba mawili yanajaza pipa moja. Kwenye Word hutaliona sana. Ila mashine hizi nyingi hazina kadi ya picha, kadi ya picha iko ndani ya prosesa na inaazima RAM hiyohiyo kuonyesha picha, kwa hiyo ukicheza video kubwa, ukifungua Photoshop, ukiunganisha skrini mbili au mtoto akicheza gemu, tofauti utaiona waziwazi. Ndo maana mbili za 4GB mimi nazipenda kuliko moja ya 8GB kwenye mashine yenye sloti 4. Kwenye mashine yenye sloti 2 tu hesabu inageuka, kama una mpango wa kufika 16GB baadaye nunua moja ya 8GB sasa uache sloti wazi, kwa muda utavumilia chaneli moja, kuliko kujaza sloti zote na vidogo afu kesho ukavitoe uvitupe kabatini.

Na ukiwa na 4GB ukaongeza 8GB? Inafanya kazi. Zile 4 za kwanza za kila upande zinaenda kwa chaneli mbili, yaani 8GB, na 4 zilizobaki zinaenda kwa chaneli moja. Watu wanakatazwa hii kama vile ni kosa kubwa, sio kosa, kama pesa ndo imeruhusu hivyo weka, 12GB ya mchanganyiko ni bora mara nyingi kuliko 8GB iliyopangika wakati kazi yako inahitaji 10.

Zikae sloti zipi? Kwenye OptiPlex nyingi vibano vya sloti vina rangi, vile vyeupe viwili ndo jozi ya kwanza, vyeusi jozi ya pili. HP Compaq za zamani zina tabia ya kutaka RAM ya kwanza ikae sloti nyeusi. Mchoro mara nyingi umebandikwa upande wa ndani wa mfuniko, uangalie kabla hujaanza kubahatisha.

GB ngapi sasa

Tumefika kwenye lile swali la mwanzo. Kwa Windows 10 ya 64-bit, 4GB kwa sasa ni mateso, mashine ikiwaka tu nusu imeshaenda, ukifungua Chrome na WhatsApp ya kwenye kompyuta umemaliza. 8GB inatosha steshenari, ofisi, wanafunzi, kuingiza mahesabu, kusajili watu kwenye mifumo ya serikali ya mtandaoni, Excel za kawaida. 16GB ni kwa anayehariri picha na video, anayejifunza programu na kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), au yule ambaye hafungi kurasa za Chrome. 32GB kwenye mashine za DDR3 siishauri kwa karibu mtu yeyote, sio kwamba haiwezekani, OptiPlex 7010 ya 2012 yenye sloti 4 inabeba 32GB na HP Compaq 8300 nayo hivyohivyo, lakini prosesa itachoka kabla hujaijaza hiyo RAM, na hela hiyo ingekusogeza kwenye mashine mpya zaidi. Kumbuka pia hizi za kizazi cha pili na cha tatu hazikubali DDR3 ya 16GB kwenye sloti moja, mwisho ni 8GB kwa sloti, kwa hiyo mtu akikuuzia moja ya 16GB ya DDR3 kwa ajili ya i5-3470 mwambie asante.

Tena kuna hili la Windows 11 ambalo linawachanganya watu, wanadhani wakiongeza RAM itakubali. Windows 11 inahitaji 4GB tu kwa upande wa RAM, kinachokataa ni prosesa, kwa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, na TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ndani ya mashine. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo kama una mashine ya kizazi cha nne na unafikiria kuijaza RAM ya gharama, pima kwanza unataka kukaa nayo muda gani. Kuiweka kwenye 8GB ili ifanye kazi vizuri miaka miwili mitatu, au ukaihamishia Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, nakubali kabisa. Kuiwekea 32GB hapana.

Hili la kupima lina uzito zaidi sasa kwa sababu bei ya RAM haiko kama zamani. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei zimepanda duniani kote, RAM nyingi duniani inatoka kwa kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na zote zimeelekeza nguvu kwenye memori za seva za akili mnemba ambako kuna faida kubwa, Micron wakatangaza hadi kuacha kuwauzia watu wa kawaida kwa jina la Crucial. DDR5 na DDR4 ndo zimeumia sana. Ndo maana kununua iliyotumika sio aibu hata kidogo, RAM haina kitu kinachozunguka wala kulika kama diski, iliyofanya kazi miaka kumi kwenye ofisi isiyo na vumbi inaweza kufanya kazi miaka kumi mingine. Cha kudai ni majaribio palepale dukani na siku kadhaa za kuirudisha, zimeandikwa kwenye risiti.

Ukienda dukani beba RAM yako ya zamani mfukoni, kwenye bahasha kavu au ile ya kuzuia umeme tuli, au piga picha ya stika yake iliyo wazi kabisa. Ukipewa nyingine zilinganishe mstari kwa mstari. Stika inaweza kubandikwa upya, kwa hiyo ikiwezekana waombe waipachike kwenye mashine yao wafungue CPU-Z uone GB na spidi vinavyosomwa na mashine, hicho ndo cha kuamini.

Kupachika: zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe, shika chuma cha kasha kisicho na rangi kabla hujagusa RAM. Fungua vibano, linganisha mkato, bonyeza ncha zote mbili hadi vibano vijifunge vyenyewe kwa mlio. Kosa la kawaida kabisa ni upande mmoja kutoingia hadi mwisho. Ukiwasha Dell inaweza kukuandikia kwamba kiasi cha memori kimebadilika, bonyeza F1 uendelee, hiyo ni taarifa tu. Ikipiga mlio mara mbili mbili inasema haijaona RAM, mara nne nne imeona ila ina hitilafu. HP Compaq za zamani zinapiga mlio mara 5 na taa nyekundu inawaka mara 5, maana yake ni RAM. Kabla hujaitangaza imekufa itoe, sugua pini zake taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi lake, irudishe, jaribu sloti nyingine, jaribu moja moja.

Ikiwaka vizuri usiishie hapo ukarudi kazini. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows ujipimie, au kwa uhakika zaidi weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa mashine kupitia hiyo flashi usiku uiache imalize raundi zake 4 za toleo la bure. Likitokea kosa hata moja lenye maandishi mekundu, irudishe RAM dukani kesho yake asubuhi na picha ya skrini kwenye simu, kwa sababu RAM yenye kasoro ndogo haiui mashine, inaharibu mafaili yako kimyakimya, leo Excel haifunguki, kesho Windows inaandika skrini ya bluu, na ukija kuligundua hilo siku za kurudisha zimeshapita.